Vidonda vya tumbo: sukralfeti au omeprazoli? Mliotumia zote njooni

Fundi_Buguruni
Wakuu habari za jioni. Mwaka wa pili huu nateseka, nilipigwa kipimo cha kamera kikaonyesha kidonda pale utumbo mwembamba unapoanzia, usiku wa manane naamka tumbo linachoma mpaka nitafute kitu nile ndo nilale. Omeprazoli za 20 nimemeza sana, nikipata nafuu naacha, mwezi haujaisha yamerudi. Sasa daktari kanibadilishia kanipa sukralfeti gramu 1 mara nne kwa siku. Mara nne jamani, na mimi nashinda chini ya magari gereji! Ipi inaponyesha kweli? Hela ya kubahatisha sina.

MamaNuru_Kigogo
Pole sana kaka angu. Nimetumia zote. Omeprazoli inapunguza asidi kule inakotengenezwa, sukralfeti asidi haiigusi, yenyewe ikikutana nayo inakuwa kama uji mzito inaganda juu ya kidonda, inakifunika masaa kama sita hivi huku chini nyama inapona. Ndo maana mara nne. Ila tumbo liwe tupu, saa nzima kabla ya chakula halafu ya mwisho unapolala. Mi nilikuwa nameza nikishamaliza chai na chapati, wiki tatu nzima sijaona kitu nikalaumu dawa. Choo kilikuwa kigumu balaa, papai na maji ndo vikanisaidia.

Dogo_wa_Famasi
Nipo famasi huku Tabata, naongezea. Kwa urahisi omeprazoli inashinda, moja asubuhi nusu saa kabla ya chai umemaliza, na madaktari wengi wanaanza nayo. Sukralfeti ni wiki nne mpaka nane na usiruke. Ina aluminiamu, mwenye shida ya figo amwambie daktari kabla. Halafu inang'ang'ania dawa zingine zisiingie mwilini, siprofloksasini imeze masaa mawili kabla yake, dawa za tezi ya shingo ziachanishe nayo masaa manne, zile magnesia za kutafuna ziachanishe nusu saa. Uzuri wake haiingii sana kwenye damu, ndo maana hata wajawazito wengine wanaandikiwa.

Mwl_Temeke
Ndugu zangu mnabishana ndoo ipi ikinge maji wakati bati limetoboka. Fundi, ulipimwa H. pylori? Huyo bakteria ndiye chanzo kwa watu wengi sana, Barry Marshall wa Australia 1984 alimnywa mwenyewe makusudi aonyeshe anavyoumiza tumbo, 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Kama yupo, hakuna kati ya hizo dawa mbili itakayommaliza peke yake. Mimi nilikunywa omeprazoli pamoja na antibayotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, siku 14, mdomo mchungu kama nimelamba shaba lakini mwaka wa nne huu nakula maharage.

Fundi_Buguruni
Sikupimwa mwalimu, au kama nilipimwa sikuambiwa. Na niseme ukweli, mgongo ukikaza nameza diklofenaki, wiki nyingine kila siku.

MamaNuru_Kigogo
Weee! Hiyo diklofenaki inachimba unapofukia. Mwambie daktari hilo kabla ya yote, akupe kitu kingine cha mgongo.

Dogo_wa_Famasi
Kweli kabisa mama. Fundi, kipimo cha choo ndo rahisi, ila omeprazoli uwe umeiacha wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo bakteria anajificha unaambiwa huna. Choo chako kikoje? Kikiwa cheusi kama lami au ukitapika damu usisubiri asubuhi, panda bodaboda nenda hospitali.

Fundi_Buguruni
Cheusi hapana, namshukuru Mungu. Omeprazoli nina siku tisa sijagusa, kwa hiyo zimebaki tano. Diklofenaki nimezitoa kwenye boksi la spana sasa hivi. Kesho nampigia daktari nimweleze ya mgongo na nimuulize hicho kipimo, sukralfeti naendelea nayo, ya asubuhi nitakuwa nameza saa kumi na moja kabla sijatoka. Majibu nikipata naleta hapahapa.