Droni inapoteza fiksi ya RTK alasiri, na Kp ni 2 tu

MpimaMiwa: Wakuu, habari za kazi. Tunapima mashamba ya miwa Kilosa kwa droni ya RTK (GPS inayosahihishwa papo hapo kutoka besi, yaani kipokezi kilichosimama mahali panapojulikana), besi iko kilomita 18. Asubuhi fiksi (kipokezi kimehesabu kwa uhakika mawimbi kamili hadi satelaiti) inakaa vizuri. Kuanzia saa nane mchana inarukia floti (hesabu hiyo haina uhakika), na kimo kwenye alama za ukaguzi kinapishana hadi sentimita 30. Kp, kipimo cha misukosuko ya usumaku wa dunia, inasoma 2, yaani shwari. Tubadilishe antena?

Ionosfia: Antena iache kwanza, mkuu. Kp hutokana na vituo 13 vya kupima usumaku wa dunia, vyote mbali na ikweta, kwa hiyo kuhusu anga la Kilosa haikuambii kitu. Huku kwetu ionosfia (tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, linalochelewesha mawimbi ya GPS) hujaa elektroni kila siku hata bila dhoruba ya jua, na kilele chake ni hiyohiyo alasiri.

Piga hesabu: tofauti ya ionosfia kati ya besi na droni ikifika sehemu 10 kwa milioni, kilomita 18 zinakupa kosa la sentimita 18. Wimbi la L1, masafa makuu ya GPS, lina urefu wa sentimita 19! Kipokezi kitahesabuje mawimbi kamili hapo? Isogeze besi hadi kilomita 4, kosa linashuka hadi sentimita 4.

Bikoni_Tatu: Naunga mkono. Ruka kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Besi irekodi data ghafi kila sekunde, ianze dakika 15 kabla ya kuruka na izimwe dakika 15 baada ya kutua, ili PPK (usahihishaji kama wa RTK, ila baada ya kuruka) ichakatwe mbele na nyuma.

Ulizokwisha kupiga usizitupe. Kama ni DJI, soma RtkFlag (namba ya hali ya RTK) ya kila picha: 50 ni fiksi, 34 ni floti. Za floti usiziingize kwenye programu ya kuchakata picha kwa usahihi wa sentimita 3. Ziandikie nusu mita, kimo kishikwe na alama za ardhini.

MpimaMiwa: Shukrani. Na bikoni mpya (alama za kudumu za upimaji ardhini) tukizipima jioni, jua likishazama?

Ionosfia: Hapana kabisa. Kuanzia kama saa moja usiku hadi saa sita, mapovu (sehemu zenye elektroni chache) hupanda ndani ya ionosfia na mawimbi hutetemeka. Satelaiti kadhaa zinaweza kukatika kwa mpigo. L2 na L5, masafa mengine ya GPS, huumia kuliko L1, kwa hiyo kipokezi cha masafa mawili hakikuokoi. Machi–Aprili na Septemba–Oktoba ndiyo miezi mibaya zaidi. Pimeni asubuhi, na kila bikoni mwirudie baada ya muda wa saa mbili au zaidi kupita, satelaiti zikiwa zimehama.