Lateralus ya Tool: zile namba njo maana ya wimbo, ao ni mulango tu?

MwanaNguba (Bukavu)

Wandugu, habari ya masiku. Nataka tuzungumuze Lateralus, ule wimbo wa Tool, bendi ya metal ya Amerika, wa mwaka 2001, wa dakika 9 na sekunde 24, juu niko nao mwezi muzima sasa na bado haujaniachilia.

Wengi hapa munajua ile hadithi. Maynard James Keenan, mwimbaji wao, anaimba mafungu mafupi mafupi, na ukihesabu silabi zinaenda 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha zinashuka 5, 3, 2, 1, zinaanza tena kupanda na mara hii zinafika mpaka 13. Ni zile namba za Fibonacci, kila namba ni jumla ya mbili zenye kuitangulia. Mi sikutaka kuamini maneno ya watu, nilichukua kaye ya mudogo wangu ya hesabu, ile ya vikaro, nikaandika kila silabi mu kakaro kake, fungu moja musitari moja. Nilipomaliza nikaiweka mbali kidogo nikaona ku karatasi ngazi inapanda, inashuka, inapanda tena juu zaidi. Usiku ule sikulala muzuri.

Lakini sasa njo kuko kitu kinanisumbua. Mbele kidogo wimbo wenyewe unasema kufikiri kupita kipimo kunatenganisha mwili na akili. Sasa mutu anajenga nyumba yake yote kwa hesabu halafu anatuambia tusihesabu? Na zile rangi za mwanzo, nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, juu ya nini ni zile ine, tena mu ule mupangilio? Mwenye alishakaa na ule wimbo anisaidie, naomba.

Mukuba_Lushi (Lubumbashi)

Yaya, zile rangi ni za alkemia, mi sina mashaka. Bazee ba zamani benye balikuwa banatafuta kugeuza risasi kuwa zahabu balikuwa na hatua zao: nyeusi kitu kinaoza, nyeupe kinasafishwa, njano kinaanza kupata mwangaza, nyekundu njo kimekamilika. Na angalia fungu refu, lile la silabi 13, linaanza na habari ya chini na juu, ile ni maneno ya Ubao wa Zumaridi, andiko la alkemia lenye kila mutu wa hii mambo anajua.

Mi nimekomalia karibu na ile kilima nyeusi ya masalio ya mukuba (shaba), ile na chimine yake yenye kila mugeni wa Lubumbashi anapigaka foto. Malakiti ni jiwe ya kijani, unaitia mu moto pamoja na makala nyeusi, inatoka mukuba, nyekundu. Bankambo betu ba Katanga balifanya ile kazi mbele Wazungu bafike. Kwetu mutu akikuambia rangi imebadilika unajua kitu chenyewe kimebadilika mpaka ndani, haiko mapambo. Njo vile nasikia ule wimbo: mutu anapikwa.

MwalimuKadutu (Bukavu)

Kijana wangu Mukuba, mfano wako wa malakiti umenigusa kweli, lakini mpangilio unakukatalia. Alkemia inaweka njano kabla ya nyekundu. Wimbo unaweka nyekundu kwanza, halafu njano. Mtu aliyepima silabi zake moja moja namna ile hawezi kukosea mpangilio wa rangi nne.

Mimi nafundisha Kiswahili, na nilipousoma huo wimbo nilishtuka kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu juu ya majina ya rangi katika lugha 98. Walisema lugha haipati majina ya rangi ovyo ovyo: kwanza kunakuwa na jina la nyeusi na la nyeupe, ya tatu ni nyekundu, na baada ya hapo ndipo inakuja njano au kijani. Wataalamu wengine wamewapinga kwenye mambo kadhaa, ila angalieni lugha yetu. Tunasema mtu mweusi, kitu cheusi, nguo nyeusi. Mtu mweupe, kitu cheupe. Kitambaa chekundu, macho mekundu. Hizo tatu tu ndizo zinazobadilika kufuata jina. Njano tunasema rangi ya manjano, na manjano ni kile kiungo cha kupikia. Kijani ni jani. Zote zimeazimwa kwenye vitu, kwa hiyo katika Kiswahili chetu wenyewe ziko tatu za shina, na ya nne inaingia kwa kukopa.

Nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano. Ni mpangilio uleule wa wimbo! Sisemi Keenan alisoma kitabu hicho. Ninachosema ni kwamba anaimba namna binadamu anavyofunguka macho, na lugha yake inafunguka pamoja naye. Silabi zinaongezeka kwa sababu mtoto anapata maneno mengi zaidi ya kusema. Namba haziko pembeni ya maana, ni mtoto anayejifunza kuongea.

Mama_wa_Mapacha (Bukavu)

Jambo wote. Mi siko mutu wa metal, bwana yangu njo anapigaka ile muziki hapa nyumbani, ila nimesoma ya Mwalimu na nimebaki kinywa wazi. Bapacha bangu balipokuwa bachanga kabisa, hata mwezi haujaisha, ukibabeba hawaangalie sura yako, macho yao inakwama ku kitenge, kwenye maua nyeusi inakutana na nyeupe, pale pale ku mpaka. Nilifikiri bana ugonjwa wa macho nikaenda kuuliza, bakaniambia ni kawaida, mutoto mudogo anaona kwanza giza na mwangaza. Kisha siku moja mumoja akafuata kwa macho kikombe changu cha plastiki, chekundu, toka huku mpaka kule. Nililia. Kama ule wimbo unasema vile, basi mwenye kuuandika alishashika mutoto.

LavaGoma (Goma)

Ya Mwalimu imeniingia. Ila naomba tuwe waangalifu na namba juu tunaweza kupotea. Kuko watu banasema sauti inaingia ku dakika 1 na sekunde 37, yaani sekunde 97, ukigawanya kwa 60 unapata karibu 1.617, na ile ni ile namba ya dhahabu: ukigawanya kila namba ya Fibonacci kwa ile yenye kuitangulia, unazidi kuikaribia. Sasa, dakika kuwa na sekunde 60 ni watu njo balipanga. Hesabu kwa sekunde tu, 97, na ile dhahabu inapotea. Hata mi nimeona kiitikio kinaenda mapigo 9, kisha 8, kisha 7, ukijumlisha ni 24, na wimbo unaisha ku sekunde ya 24. Siamini kama walipanga. Chenye nakubali ni kile bendi wenyewe balisema: jina la kwanza la wimbo lilikuwa 9-8-7 juu ya yale mapigo, na nyuma njo balikuja kuona 987 ni namba ya 16 ya Fibonacci. Iliwakuta tu, na wakaikaribisha.

Hapa kwetu tuna somo moja ya ile mambo. Ishango, kule ku ziwa Edward, mu Kivu ya Kaskazini, mwaka 1950 Mubelgiji Jean de Heinzelin alifukua mufupa mudogo wenye alama za kukatwa, wa miaka karibu 20,000, leo uko Brussels. Musitari mumoja una alama 11, 13, 17, 19, jumla 60. Mwingine 11, 21, 19, 9, tena 60. Wengine banasema ni hesabu ya mwezi, wengine banasema ni namba zenye hazigawanyiki, wengine banasema alikata vile mukono usiteleze. Mi naamini alihesabu kitu, naamini kwa roho yangu yote, lakini ukiniuliza alihesabu nini, nanyamaza.

Turudi ku wimbo. Nilijaribu kuandika kwa Swahili na ule mupango wa silabi, nikaona ugumu mara moja. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, sisi nyeusi peke yake ni nye-u-si, tayari umefika ku ngazi ya ine. Mwanzo inakulazimisha uchukue vile vineno vidogo vyenye hatuvihesabiaka kitu:

Mi
na
weye
tupande
mulima wetu
wenye moto ndani yake
turudi chini
pamoja

Hesabuni. Na muone kitu kilinifikia: nilitaka kuandika juu ya Nyiragongo, mulima wetu wa moto, lakini hesabu ilinilazimisha nianze na mi na weye. Sikuchagua.

MwanaNguba (Bukavu)

Wandugu, aksanti, sijui hata nianzie wapi. LavaGoma, ile ya "mi" na "na" nimeisoma kwa sauti mara kumi. Mwalimu, nitaleta ile kaye nikuonyeshe, naomba unipokee.

Niwaambie kilichofanyika jana. Niko na rafiki anapiga batri (zile ngoma za bendi) mu kanisa, hajawahi kusikia Tool. Nilimwekea kile kiitikio, kura ya umeme ilikuwa imekatika, tukakaa inje na simu mu bakuli ya chuma ili sauti itoke kidogo, yeye na bido ya maji ya njano, tupu, kati ya magoti. Nikamwambia ni 9, kisha 8, kisha 7, nikawa nahesabu kwa vidole mbele yake. Akakosea. Tukarudia, akakosea. Ya tatu akaniambia ndugu yangu shusha ile mikono, unanizuia kusikia. Akafunga macho, akaanza kuimba ile gitare kwa kinywa, tu-tu-tu, na pale gitare inakwisha na yeye mukono wake unakwisha, inaanza nayo inaanza. Alikwenda muzunguko mumoja, mbili, ine, bila kukosea hata kidogo. Nilimuuliza umehesabu? Akasema hapana, niliimba.

Lakini kama sikumwambia 9-8-7 hangejua kuko kitu cha kutafuta pale, aliniambia hivyo yeye mwenyewe. Mwanzo alisikia kelele tu.

Kesho jioni tunarudia, nimemwambia nakuja na ya mulima wa Goma tuone kama inaingia juu ya ile bido. LavaGoma, kama unaruhusu.

LavaGoma (Goma)

Ruhusa iko. Ku "moto ndani yake" apige nguvu.