Naenda India kula barabarani: nianzie mji gani, na niangalie nini kama mpishi?

SufuriaNyeusi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpishi mkuu kwenye mgahawa wa hoteli. Menyu yetu imechoka na mimi nimechoka nayo. Kila nikikaa kubuni kitu najikuta nabadilisha sosi tu, samaki ni yule yule. Bosi amekubali niende India mwezi wa kumi na mbili, tiketi anatoa yeye, ila nikirudi anataka kuona kitu mezani.

Biriani na kuku wa tikka siendi kujifunza, hivyo wateja wameshavizoea. Nataka vya barabarani, vya mkokoteni na karai. Shida ni kwamba nchi ni kubwa, na kila ninayemuuliza anasema kwao ndiko kwenyewe. Waliokwenda, hasa mliomo kwenye kazi hii: nianzie mji gani, na nikisimama kwenye kibanda nikodolee macho nini? Kula najua. Nataka kitu kitakachoingia jikoni.

La pili ni tumbo. Mwenzangu mmoja alirudi kutoka huko suruali hazimkai.

Bibi_Ukwaju

Mkuu, mwezi umeupatia. Mimi nimepika hotelini mpaka nimeota sugu, na India nakwenda kwa ajili ya mdomo na daftari tu. Taj Mahal sijaiona hadi leo na wala sijutii.

Anza Mumbai. Sisemi ndiko kutamu kuliko kote (hapo tutagombana), ila chakula cha pale kilitengenezewa watu wenye haraka, na jikoni kwako adui mkubwa ni muda. Shuka stesheni ya Dadar. Nje ya stesheni hiyo ndipo inaposimuliwa kwamba Ashok Vaidya alianza kuuza vada pav mwaka 1966. Ukiiona utacheka: ni kachori ya viazi hii hii, imechovywa kwenye unga wa dengu, imekaangwa, imesokomezwa ndani ya mkate mdogo laini. Wanga ndani ya wanga. Kiazi chenyewe hakina maajabu: manjano, haradali, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi. Sasa tazama kinachofuata. Mkate umepasuliwa, ndani amepaka chatne ya kijani ya giligilani, juu yake amenyunyiza unga mkavu mwekundu wa kitunguu saumu, nazi na pilipili, kisha anakupa pembeni pilipili mbichi nzima iliyokaangwa na kutiwa chumvi. Agiza moja bila ule unga mwekundu, uone. Utakuwa unakula kiazi na mkate.

Hapo ndipo pa kukodolea macho, kila kibanda: mwisho. Sisi tumefundishwa kukamilisha ladha ndani ya sufuria, halafu sahani tunaipamba kwa jani la kotimiri ambalo hakuna anayelila. Wale wanakiacha chakula hakijakamilika kwa makusudi. Uchachu, ukali, utamu na ule mkwaruzo wa kitu kikavu vinaingia mteja akiwa amesimama, sekunde chache kabla hajala. Ndiyo maana kiazi kile kile kinakuwa vyakula ishirini.

Ukifika Delhi au Lucknow tafuta muuzaji wa aloo tikki, usimame nyuma yake kama atakuruhusu. Ana chuma kimoja kipana, katikati kimebonyea kidogo, moto uko chini ya katikati. Tikki, yaani vile vibonge vya viazi vilivyobonyezwa vikawa bapa, amevipanga ukingoni kwenye moto mdogo, na huko vinajikausha taratibu mpaka vinaota gamba. Ukiagiza, anakivuta kimoja hadi katikati kwenye samli inayochemka, anakikandamiza kwa upawa bapa mpaka kinapasuka pembeni na kile kilichopasuka nacho kinakaangika. Anakiweka kwenye bakuli la majani, anamwaga maziwa mgando ya baridi yaliyotiwa sukari kidogo, chatne ya ukwaju, chatne ya kijani, bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, chumvi nyeusi. Moto chini, baridi juu, vyote mdomoni kwa pamoja. Chombo kimoja, moto wa aina mbili, na hakuna anayesubiri. Mimi nilirudi nikabadilisha namna tunavyotumia bapa letu la kuchomea kabla sijagusa hata menyu.

Chumvi nyeusi na embe mbichi kavu iliyosagwa (wao husema amchur) nunua huko huko. Chumvi ile inanuka yai kwa sababu ya salfa, usishtuke. Kidogo tu kwenye tunda lililokatwa, na mteja atakuuliza umefanyaje.

Mkaanga_Dagaa

Bibi shikamoo, lakini Mumbai umeipendelea.

Mkuu, kama tiketi inaruhusu, pitia Kolkata. Kathi roll imetoka pale, kwenye mgahawa wa Nizam's ulioanza 1932: mishkaki iliyochomwa, ikazungushiwa parata, kitunguu kibichi, ndimu, karatasi, nenda zako. Siku hizi wengi wanapasua yai juu ya chuma na kulibandika parata juu yake, likigeuzwa linakuwa kitu kimoja. Parata yenyewe ni ya matabaka, haina uhusiano na chapati laini ya kuchovya mchuzi. Kwa hoteli, hii ni fedha ya bure: nyama iliyobaki kwenye jiko la mkaa inapata kazi.

Na puchka za pale ndizo ninazozitetea, vile vipuri vidogo vikavu vilivyo wazi ndani, vinavyojazwa na kutiwa maji ya viungo. Zile zile unazoziona Mumbai kama pani puri na Delhi kama golgappa, ila Kolkata ndani ni viazi vilivyopondwa na dengu nyeusi za kuchemsha, na maji yake ni ya ukwaju. Wakitia na ndimu yao ya gondhoraj, unainusa kabla haijafika mdomoni.

KaguaJiko

Nafanya kazi ya usalama wa chakula, kwa hiyo nijibu la tumbo.

Kula kilichotoka kwenye moto mbele yako. Vada, tikki, dosa (ile chapati nyembamba ya mchele), parata: hatari yake ndogo. Hatari iko kwenye maji, barafu, chatne iliyoshinda juani na vitu vibichi vilivyokatwa mapema. Kwa hiyo pani puri isiwe chakula chako cha kwanza baada ya kushuka kwenye ndege, hata ukitamani vipi. Ukiamua kula, nenda mahali wanapotumia maji ya chupa au yaliyochujwa na muuzaji amevaa glavu, wapo siku hizi.

Tazama foleni. Foleni ndefu maana yake chakula hakilali. Tazama pia mafuta: yakiwa meusi na yanatoa povu, pita. Mamlaka ya chakula ya India, FSSAI, inawataka hata wauzaji wadogo wajisajili, na namba yake ina tarakimu 14. Baadhi huibandika kwenye mkokoteni. Hao hao wameshaonya mara kadhaa juu ya kufungia chakula kwenye gazeti, kwa sababu ya wino. Bhel, yaani bisi za mchele zilizochanganywa na chatne, kwenye koni ya gazeti inapendeza kwenye picha, lakini wewe omba bakuli.

Ukiwa na wasiwasi sana, Ahmedabad pale ziwa la Kankaria palitangazwa mwaka 2018 kuwa eneo la kwanza la chakula safi cha barabarani chini ya mpango wa FSSAI. Unaweza kuanzia hapo tumbo lizoee.

SufuriaNyeusi

Nashukuruni sana wakuu. Bibi, hilo la kumalizia mwishoni limeniingia, lakini ndipo ninapokwama. Muuzaji wa barabarani anampa mteja mkononi. Mimi kutoka kaunta ya jikoni hadi meza ya mwisho ya bustanini mhudumu anatembea, anasimamishwa na mteja mwingine, anarudi kuchukua kijiko. Kitu cha kukwaruza kikifika kimeshalegea. Nitafanyaje?

Bibi_Ukwaju

Swali zuri, na mikahawa mingi inakufa hapo hapo. Wanaweka pani puri sita zimeshajazwa kwenye sahani ndefu, zinafika zinavuja.

Mtazame muuzaji mwenyewe. Mbele yake mmesimama watano kwa nusu duara. Anachukua puri kavu, anaitoboa juu kwa kidole gumba, anasukumia viazi na dengu, tone la chatne tamu, anaizamisha kwenye chungu cha maji ya mnanaa, anakuwekea. Unaitia yote mdomoni. Wakati unatafuna ameshawazungukia wenzako wanne na amerudi kwako, wala hajakuuliza umefika ngapi. Anafuata mwendo wa mlaji aliye mbele yake. Mwisho unadai moja kavu ya bure, na anatoa.

Kwa hiyo usiipeleke imejazwa. Peleka puri kavu na mjazo wake, maji kwenye birika dogo, mteja ajimiminie mwenyewe. Watu wazima wenye tai wataanza kucheka mezani na kumwagia mashati, na wataagiza tena. Kama bosi wako hapendi vurugu, basi toa kabisa kwenye menyu chochote kinachoishi chini ya dakika moja, uchukue vile vinavyovumilia safari.

Vipo. Dabeli, ya Kutch kule Gujarat: mkate, viazi vya viungo vitamu-vichachu, karanga za kukaangwa na pilipili, na punje za komamanga. Karanga hailegei na komamanga halilegei, hapo mkwaruzo unao hata mhudumu akienda kusalimia. Au bhutte ka kees ya Indore: mahindi mabichi yaliyokunwa, yanapikwa na maziwa na viungo mpaka yanakuwa kama uji mzito, ndimu na nazi juu. Hiyo weka chini ya yule samaki wako uliyechoka naye, utanipigia simu.

Na nyama: Lucknow, mtaa wa Chowk, Tunday Kababi wapo tangu 1905. Kebabu zao ni laini kiasi kwamba huhitaji meno. Papai bichi linalolainisha nyama unalijua tangu kwenye mishkaki, tofauti ni kwamba wao wanaisaga nyama mpaka inakuwa rojo laini, na kwenye chuma hawaigeuzi-geuzi. Ukitia papai jingi au ukiilaza muda mrefu inakuwa ugali, kwa hiyo pima kwa gramu na uandike saa.

Kuhusu mikahawa ya kifahari, kaa hata mara moja Indian Accent, Delhi. Wamechukua daulat ki chaat, lile povu la maziwa linalouzwa Delhi ya zamani wakati wa baridi tu, wakaliweka kwenye menyu yao. Kwanza lile la mkokoteni, Chandni Chowk asubuhi na mapema, jua likipanda linaporomoka. Ukiyala kwa mpangilio huo utaona wamebadilisha nini na wameogopa kugusa nini. Desemba utalikuta.

SufuriaNyeusi

Dah. Basi Mumbai, Indore, Lucknow, nimalizie Delhi. Kolkata mnisamehe, Mkaanga_Dagaa usininunie. Indore nifikie saa ngapi?

Bibi_Ukwaju

Usiku. Sarafa Bazaar mchana ni soko la masonara, hutakuta hata kikombe cha chai cha maana. Wakifunga maduka ndipo karai zinapangwa mbele ya milango yao, mpaka usiku wa manane. Lala mchana, usile chakula cha jioni hotelini. Na badilisha fedha upate noti za rupia 10, 20 na 50, kwa sababu wenyeji wengi wanalipa kwa simu na muuzaji hatakuwa na chenji ya noti yako ya 500.

Mkaanga_Dagaa

Sijanuna. Ila picha za chuma cha tikki tunazitaka humu.