Ati kuandika gharama za haibridi ni umaskini? Huyu fundi leo amevuka mpaka

Mtunza Risiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka.

Ile voisi mmeisikia. Imezunguka magrupu yote tangu asubuhi, hata samaki wa Feri wameisikia. Simtaji, mnamjua, na gereji yake mnaijua. Mteja kamwomba kwa adabu zote amwandikie alichobadilisha kwenye gari lake la haibridi, lile la injini ya petroli na betri kubwa ya umeme, ili aingize kwenye daftari la gharama. Jamaa anajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mwenye haibridi anayeandika gharama ni maskini aliyepotea njia." Halafu anacheka.

Maskini aliyepotea njia!

Anayecheka ndiye huyo huyo anayetoa risiti ya mstari mmoja, "betri na mengineyo", chini yake jumla yenye sifuri za kutosha kumwaga msingi wa ghorofa. Mengineyo ni nini? Yanauzwa duka gani pale Kariakoo?

Kwake yeye taa yoyote ikiwaka ni betri imekufa, leta hela. Prius ya kawaida, haibridi ya Toyota ya kizazi cha pili na cha tatu, ina moduli 28 za nikeli, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Kompyuta ya betri inazisoma mbili mbili, kwa hiyo kwenye mashine ya kusoma misimbo unaona bloku 14. Ukija msimbo P0A80, ule wa betri kubwa, zipo bloku zinazotofautiana na wenzake, na namba zake zinaonekana. Mwenye gari anapaswa kuondoka na karatasi yenye msimbo, kilomita za siku hiyo, volti ya bloku ya juu kabisa na ya chini kabisa gari likiwa linavuta. Dakika tano za kazi! Yeye anakupa kicheko.

Na P0A93 wala si betri. Huo ni upoozaji wa inveta, mtambo unaogeuza umeme wa betri uendeshe mota, na mara nyingi ni ile pampu ndogo ya maji imesimama. Washa gari mpaka liandike READY, yaani tayari kuondoka, fungua kifuniko cha tangi la kulanti (maji ya kupoozea) la inveta, tazama kama maji yanacheza. Yakitulia tuli, anza na pampu na waya zake. Toyota wenyewe waliziita Prius za kizazi cha pili zirudi kurekebishwa mwaka 2012 kwa ajili ya pampu hiyo hiyo. Sasa mtu ameshauziwa betri nzima kwa P0A93, na hana alipoandika msimbo, atadai nini?

Halafu anaitwa maskini aliyepotea njia.

Gari lenyewe Japani linatunziwa kitabu cha matengenezo, na mengine yanafika huku kitabu kikiwa bado kwenye kasha la dashibodi. Mjapani anaandika. Nao wamepotea njia?

Siwezi kulala na hii.

Kipepeo wa Tegeta

Mkuu, uzi mzima kwa ajili ya kicheko cha fundi? Kunywa maji. Ukishindwa uza gari, nunua IST isiyo haibridi, ubishane na plagi nne tu.

Waya wa Chungwa

Jazba pembeni, hapo kwenye betri mleta uzi yuko sahihi ila hajamaliza. Ubaya wa jamaa ni kubadilisha moduli moja, kufunga mfuniko na kuandika "betri imetengenezwa". Moduli moja nzima katikati ya 27 zilizochoka haikai. Iliyo dhaifu inayofuata inaangusha gari baada ya miezi michache, na mteja analipa ufundi upya.

Kazi inavyotakiwa: vuta plagi ya usalama inayokata umeme mkubwa, itie mfukoni, subiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye kapasita za inveta ushuke, glavu za volti 1000 mkononi muda wote. Pima kila moduli ikiwa imepumzika, kisha ipe mzigo wa taa ya mbele ya wati 55 kwa dakika mbili na uandike imeshuka kiasi gani. Inayoshuka mbali kuliko wenzake ndiyo mbovu, hata kama ilianza na volti nzuri. Unazoweka ziwe na uwezo unaokaribiana na zilizobaki, na zote ziunganishwe sambamba zilingane kabla ya kufunga. Vipande vya shaba vikiwa na ule ukoga wa kijani visugue au weka vipya. Nati zake ni Nm 5.4 tu, anayekaza kwa nguvu za nati ya tairi anang'oa nyuzi za moduli.

Kwenye daftari chora moduli 28 kwa mstari na uandike ipi imebadilishwa lini. Ukifika ya tatu au ya nne, acha kuviraka, nunua betri kamili.

Mtunza Risiti

Asante mkuu. Lakini umesikia alivyosema? Si kwamba alikataa tu kuandika. Alisema MASKINI. Aliyepotea NJIA.

Hesabu za Mama Chanja

Mleta uzi, mimi nakukosoa kwingine. Wengi wenu madaftari yenu hayasaidii kitu kwa sababu mnachanganya. Mafuta, matairi, bima na betri ya haibridi vyote ukurasa mmoja, halafu mnalia haibridi ni ghali. Tairi ingeisha hata kwenye Vitz!

Tenga kurasa tatu: matumizi ya kila gari (oili, matairi, pedi, bima), vitu vya haibridi peke yake (betri kubwa, feni yake, inveta, pampu yake, oili ya gia, kompresa ya umeme), na mafuta. Kila mstari uwe na tarehe, kilomita, msimbo kama upo, jina la kipuri na namba yake, kipya au cha mtumba, bei ya kipuri, bei ya ufundi PEKE YAKE, na dhamana inaisha lini. Mwisho wa mwaka jumlisha, gawa kwa kilomita. Mfano, laki tisa kwa kilomita 15,000 ni shilingi 60 kwa kilomita. Namba hiyo ndiyo unaiweka mezani ukiulizwa uuze gari au uendelee nalo, maana betri kubwa ukiisoma kwa mwezi mmoja inatisha, ukiitandaza kwenye kilomita zilizobaki unaona ukweli wake.

Kipepeo wa Tegeta

Kilomita moja shilingi 60 bado hujaweka mafuta. IST.

Chuma cha Kitonga

Mnabishana betri wakati kinachoumiza kwenye Prius ya kizazi cha tatu ni breki! Taa ya breki na ABS, pampu inalia kila sekunde chache hata umesimama, msimbo C1391. Hapo shinikizo linavuja ndani ya mtambo wa breki, na mtambo si wa bei ya pedi. Mafundi wanabadilisha pedi, wanajaza mafuta ya breki ya DOT 3, wanachukua hela, taa inarudi kesho. Kutoa hewa kwenye mfumo ule kunataka mashine ya kuamrisha vali. Kukanyaga kanyagio kienyeji kama kwenye pikapu hakutoshi.

Na ninyi mnaoteremka mlima Kitonga na gia D, betri ikishajaa haipokei tena umeme wa breki, mzigo wote unahamia kwenye diski. Weka gia B mapema, injini izuie. Andikeni na hilo.

Fiti Imenivua Nguo

Wenye Toyota mnadeka. Njooni kwenye Honda Fit ya haibridi, ile GP5. Gia saba, klachi mbili kavu, foleni ya Mwenge. Ukijongea mguu kwa mguu klachi inateleza, inapata moto, gari linaandika gia imepata joto na kukataa kwenda. Honda waliyaita magari hayo yarudi kurekebishwa mara kadhaa Japani, 2013 na 2014, kwa mambo hayo hayo ya gia na programu yake. Kabla ya kununua, chukua namba ya chasisi, angalia kama marekebisho yalifanyika. Na foleni acha nafasi mbele, usogee ukiwa na pa kusogea, usiwe unatambaa nusu mita nusu mita. Betri gani mnalilia?

Mtunza Risiti

Wakuu tusitoke kwenye mada. Mada ni ile voisi.

Moshi Mweupe

Huko juu mnaandika kana kwamba haibridi shida ni betri na inveta tu. Prius ya ZVW30, hiyo hiyo ya kizazi cha tatu, ikitikisika asubuhi ukiiwasha na kulanti inapungua bila kuvuja chini, acheni kubadilisha koili na plagi! Kipoozeo cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, kimeziba masizi, joto limepanda, gaskiti ya hedi inapitisha maji kwenye silinda. Kung'oa EGR na manifoldi ya hewa na kusafisha ni kazi ya siku moja. Gaskiti ni injini kufunguliwa. Nani kati yenu ana mstari wa EGR kwenye daftari lake?

Baridi Kali

Kwenye AC ndiyo kuna wizi halisi. Kompresa ya haibridi inaendeshwa na umeme mkubwa, ndani inatumia oili ya ND-11. Mjaza gesi anatia oili ya PAG, ya kompresa za kawaida, aliyoitia kwenye Noah ya kabla yako, ile inapitisha umeme, siku mbili baadaye P0AA6, umeme mkubwa unavuja kwenye bodi ya gari, gari haliwaki. Kisha unauziwa betri! Muulize oili gani KABLA hajachomeka mpira wake. Gramu za gesi zimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, asikisie.

Kipepeo wa Tegeta

Hapo kwa wajaza gesi naungana nawe. Hata IST wameiharibu.

Dada wa Aqua

Wajaza gesi afadhali. Waosha magari! Kwenye Aqua, haibridi ndogo ya Toyota, betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na tundu la hewa ya feni liko hapo hapo chini. Kijana anamwaga ndoo ya maji sakafuni asugue zulia. Ukimwambia asipige maji ndani anakuona una maringo. Zulia lisuguliwe kwa kitambaa, na kichujio cha feni kitolewe, kipigwe brashi kavu, maana vumbi likiziba pale betri inaiva taratibu na taa haiwaki mpaka umechelewa.

Fiti Imenivua Nguo

Wamelowesha Aqua ya shemeji Jumamosi, leo dashibodi imewaka taa zote kama mti wa Krismasi na haifiki READY. Ni betri kubwa hiyo?

Dada wa Aqua

Usiguse kubwa bado. Ile ya volti 12 nayo iko huko huko chini ya kiti. Kausha kwanza, pima ikiwa imepumzika. Nzima inasoma kama 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji taratibu usiku mzima, futa misimbo, washa tena, na uandike ipi imerudi. Feni usiijaribu mpaka iwe kavu kabisa. Shemeji aliosha wapi?