Wakuu naombeni ushauri: masta ya kompyuta kwa masafa, kazi sitaki kuacha

Kodi_Usiku:
Heshima kwenu wakuu. Nipo Mwanza, miaka 30, nasimamia mifumo kwenye ofisi moja ya binafsi. Digrii ya kwanza nilimaliza 2018, GPA 3.1. Natamani masta ya sayansi ya kompyuta ila kazi siachi, kuna kodi ya nyumba na binti wa miezi mitano ambaye usiku kwake ndio mchana. Nimeiona ile ya Georgia Tech, Marekani, yote inasomwa mtandaoni, kama dola 7,000 mpaka unamaliza. Wanapenda GPA ya 3.0 kwenda juu, kwa hiyo hapo nimepita. Niombe? Na vyeti vya namna hii huku kwetu vina heshima?

Mzee_wa_Seva:
Mkuu, kwenye GPA hujapita. 3.0 yao ni ya kwenye 4, yako ni ya kwenye 5. Hiyo ni daraja la pili la chini. Ila usifunge daftari, wanataka pia barua tatu za wadhamini, na bosi wako akieleza ulichojenga kwa mkono wako inabeba. Mimi niliingia na 3.4 ya hapahapa nyumbani.

Sasa nikwambie ukweli wa ndani. Hela utaipata, masaa ndiyo yatakutoa jasho. Kozi ni kumi. Ukisoma moja kila muhula, mihula mitatu kwa mwaka, ni miaka mitatu na kitu. Ukomo ni miaka sita, na ndani ya mwaka wa kwanza lazima upate B kwenye kozi mbili za msingi. Mimi nipo mwaka wa tano, kozi ya nane, nakimbizana na kalenda.

Nilianza na kozi ya mifumo ya uendeshaji (operating systems, kama Windows na Linux) kwa kiburi. Kazi ya kwanza ni kuandika kwa lugha ya programu ya C seva ya kugawa mafaili inayohudumia wateja wengi kwa pamoja. Faili dogo lilifika zima, kubwa linafika limekatwa mkia. Siku nne! Kumbe niliamini ukiita `send`, amri ya kutuma data, mara moja baiti zote zinaondoka. Si lazima ziondoke zote, inakurudishia idadi iliyotuma, unazunguka mpaka ziishe. Wiki hiyo nilitumia masaa 25, na kazini naripoti saa mbili asubuhi kama kawaida.

Kinyozi_wa_Data:
Mtoa mada, masta ya nini? Jenga vitu, weka kazi zako hadharani, wateja watakuja. Dola 7,000 ni kiwanja hiyo.

Mzee_wa_Seva:
@Kinyozi kiwanja hakikufundishi algorithimu, zile hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta 😂

Bi_Jedwali:
Kaka, pole na hongera kwa binti. Kwa GPA yako ningekuelekeza Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, kupitia Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni. Hawaombi transkripti kabisa. Unasoma kozi tatu za mlango wa kuingilia, ukipata wastani wa 3.0 umeshakuwa mwanafunzi, na kozi zenyewe zinahesabika kwenye masta. Ni ghali zaidi: nilipoingia ilikuwa dola 525 kwa krediti, krediti 30, yaani 15,750. Lakini unalipa kadiri unavyosoma, na muhula ukikushinda unapumzika. Mimi nilijifungua katikati, nikakaa pembeni, nikarudi.

Kuhusu heshima ya cheti: cha Georgia Tech hakiandikwi kwamba ulisomea mtandaoni. Ila ukiwaza ajira serikalini, cheti cha nje lazima kipite TCU, tume ya vyuo vikuu, kutambuliwa. Waulize kwa maandishi KABLA hujalipa, na jibu lao ulihifadhi.

Jambo jingine ni kadi. Yangu ilikataliwa mara tatu, kumbe kikomo cha malipo ya mtandaoni kwa siku kilikuwa chini ya ada. Nenda benki mapema wakupandishie.

Mzee_wa_Seva:
Nakazia. Na mitihani mingi inasimamiwa na kamera: unaonyesha chumba kizima, meza, hadi chini ya meza. Shemeji yenu aliwahi kuingia na bakuli la uji katikati ya mtihani, nikajua nimekwisha. Haikuwa kitu, ila siku hizo funga mlango, na LUKU uiangalie kabla ya kukaa.

Faida ya kuishi huku ni moja. Kozi nyingi nilizosoma, kazi inafungwa Jumapili usiku kwa saa za mahali ambapo siku inaisha mwisho kabisa duniani. Kwetu hiyo ni Jumatatu saa tisa alasiri. Nimeokoka kwa saa za chakula cha mchana zaidi ya mara moja.

Kodi_Usiku:
Aisee, GPA ya kwenye 4! Nilikuwa naenda kujiaibisha. Jana usiku nimefungua video za ile mifumo ya uendeshaji, Georgia Tech wameziweka bure, nikafika dakika ya 12 binti akaamka. Dada Bi_Jedwali, huko Colorado ningeanza na mlango upi?

Bi_Jedwali:
Algorithimu. Jisajili kwanza bila krediti, fanya mazoezi yote, ukiona unaelewa ndipo ulipie krediti ukafanye mtihani wa mwisho. Ulichokwishafanya kinahamia huko. Na ile 3.0 ya kuingilia ni ya kwenye 4, usijichanganye tena 😄

Kodi_Usiku:
Nimeelewa dada. Jumamosi mama mkwe anakuja kukaa wiki mbili. Naanza hapo.