Skrubu ya mguuni mwa baba imekatika: itolewe au iachwe?

BintiLangoni
Assalam aleikum wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa aliyepitia jambo hili au anayefanya kazi ya tiba.

Baba yangu ana miaka 61, ni nahodha. Wiki kumi na moja zilizopita alikuwa akishuka ngazi za gati hapa Lamu. Maji yamekupwa, vidato vya chini vimeota mwani. Akateleza, mguu wa kulia ukabaki nyuma, mwili ukaenda mbele. Nilikuwa nyuma yake nimeshika kapu lake, mlio wa mfupa niliusikia. Kifundo kikavimba pale pale kama dafu. Tukavuka Mokowe siku hiyo hiyo, akapasuliwa Mombasa: pleti na skrubu sita kwenye mfupa mwembamba wa nje, na skrubu moja ndefu inayovuka kutoka mfupa huo hadi kwenye muundi. Daktari alisema hiyo ndefu itaangaliwa baada ya miezi mitatu.

Juzi amepigwa picha hapa Lamu. Ile ndefu imekatika katikati, baina ya vipande pana mwanya mwembamba kama unywele. Baba haumwi sana, ila jioni mguu hujaa. Ana kisukari. Tangu wiki ya nane anakanyaga kwa gongo moja, na sifichi, alikwenda kwa mkandaji mara mbili. Shangazi halali, asema kipande kitatembea na damu mpaka moyoni. Baba naye ataka awe chomboni kaskazi ikianza. Tumrudishe Mombasa itolewe, au iachwe?

MamaShela
Pole mwanangu. Itolewe upesi. Chuma ni chuma, kikikaa mwilini kitashika kutu. Na kabla ya safari akandwe kwa mafuta ya nazi ya moto, uvimbe utashuka.

Kijana_wa_Watamu
Pole sana dada. Msikimbilie kutoa. Mimi nilitolewa vyuma vya mkono, daktari akanikataza kubeba kitu kizito wiki nane. Wiki ya tano nikajiona mzima, nikainua jenereta. Mfupa ukavunjika palepale penye tundu la skrubu. Skrubu ikitoka, tundu linabaki, na mfupa unahitaji muda kulijaza. Mzee wa bahari huyo hatakubali kukaa kitako mara ya pili, nawajua.

Muuguzi_Malindi
Bi BintiLangoni, nimekaa chumba cha upasuaji miaka mingi. Nitasema ninachokijua, lakini picha ataisoma daktari wenu, si mimi.

Kwanza shangazi na alale. Kipande kile kimo ndani ya mfupa, kimebanwa pande zote. Hakimo kwenye mshipa wa damu, njia ya kwenda moyoni hakina.

Hiyo ndefu kazi yake si ile ya zile sita. Zile sita na pleti zinashika mfupa uliovunjika. Ndefu inaizuia mifupa miwili isiachane wakati kano zilizochanika baina yake zinaunga. Sasa, mifupa hiyo kwa maumbile yake husogea kidogo kila mtu anapokanyaga. Skrubu inaikatalia, na kila hatua inaipinda, kama waya unaokunjwa huku na huku mpaka ukatike. Tunaliona mara nyingi baada ya mgonjwa kuanza kukanyaga, na si lazima iwe kuna aliyekosea. Zamani ilikuwa desturi kuitoa kwa kila mtu. Siku hizi madaktari wengi huiacha kama haisumbui, kwa sababu wagonjwa ambao skrubu yao imekatika au imelegea, kwa kawaida, hawatembei vibaya kuliko waliotolewa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza itolewe au iachwe, ulizeni: mifupa imebaki mahali pake? Ombeni picha baba akiwa amesimama, miguu yote miwili, daktari alinganishe nafasi ya kulia na ya kushoto. Nafasi ikiwa imepanuka, hilo ni jambo la kurudi Mombasa bila kuchelewa. Ikiwa sawa na maumivu hayapo, kuna haja gani ya kumkata tena? Nusu yenye kichwa hutoka kwa urahisi. Nusu ya ndani ndiyo tabu: bisibisi haina pa kushika, inabidi mfupa uchimbwe kuizunguka kwa keekee yenye uwazi katikati, na tundu linakuwa pana kuliko skrubu. Kwa mwenye kisukari kila jeraha ni mlango wa usaha.

MamaShela, kwa heshima zote mamangu, hivi si misumari ya dukani. Ama ni titani, ama ni chuma cha pua chenye kromiamu, ambayo hujivika ngozi nyembamba ya kuzuia kutu. Na mkandaji asikiguse kifundo kile. Mkono wake ni mzuri kwa misuli, ila pale kuna kano changa ambazo akizivuta, zitafunguka.

FundiWaMajahazi
Ikibidi itolewe, je, hospitali yoyote itakuwa na bisibisi yake? Sisi kazini kichwa cha skrubu kikiwa kigeni, kazi imelala.

Muuguzi_Malindi
Swali zuri sana fundi. Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi waliunda kundi la AO, la upasuaji wa kuunga mifupa, na vipimo vyao vimeenea duniani. Skrubu ya milimita 3.5 yenye tundu la pembe sita hufunguliwa kwa bisibisi ya milimita 2.5, ile ya 4.5 kwa bisibisi ya 3.5. Lakini nyingine zina kichwa cha nyota. Mgonjwa huwekwa mezani, ndipo watu wanaanza kutafuta bisibisi, na hilo linaniuma. Bi BintiLangoni, ombeni nakala ya ripoti ya upasuaji, muiweke pamoja na picha zake zote. Na mkisafiri kwa upasuaji, ulizeni kwanza kuhusu idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali.

Homa, wekundu unaopanda, au majimaji kutoka kwenye kovu: siku hiyo hiyo hospitali, msingoje.

BintiLangoni
Nawashukuru nyote. Baba amepigwa picha akiwa amesimama. Daktari ameweka rula juu ya picha zote mbili, akapima mara tatu: nafasi ni sawa kulia na kushoto. Skrubu itaachwa, atapigwa picha tena baada ya wiki sita, sukari ipimwe kila asubuhi. Ripoti nimeiomba kwa simu, wamesema niifuate mwenyewe.

Chombo hajaruhusiwa. Nimemwonyesha shangazi kwenye picha kile kipande kilivyozingirwa na mfupa, akakigusa kwa kidole, akauliza kama baba atakisikia akisujudu. Baba amejibu hapana. Sasa ameagiza mwanamaji wake aje nyumbani na tanga, alishone akiwa amekaa barazani.