Prado ya 1997 kwa barabara za Karamoja: nianzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, nina Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1997, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ambayo imekwisha kutembea kilomita 340,000. Kazi inanihamishia Kaabong, huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, nami nataka kuinua gari na kulivisha tairi kubwa zaidi kabla ya mvua. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye upoaji wa injini, ndugu yangu, wala si kwenye springi. Injini hiyo inajulikana kwa kupasuka silinda hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) ikichemka, na rejeta ya umri huo mara nyingi imeziba kwa ndani hata kama kwa nje inang'aa. Badilisha rejeta, pampu ya maji, termostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza) na mipira yote ya maji, kisha ufunge geji ya joto ya pembeni, kwa sababu mshale wa dashibodi huchelewa kukuonya. Kama hujui mkanda wa taiming (unaozungusha kamshafti ya injini) ulifungwa lini, ubadilishe sasa.

Jibu: Naafiki kabisa. Katika kuinua, usizidi inchi mbili, kwani ekseli za mbele zikikaa kwa pembe kali, mipira inayofunika jointi zake huchanika na vumbi huingia. Ukiona grisi imerukia rimu kwa ndani, mpira umekwisha kupasuka.

Jibu: Kuhusu tairi, meno makubwa yanafaa, lakini udongo mweusi wa Karamoja ukilowa huyajaza yote, na hapo njia ya uhakika ni kusubiri ukauke.